Shoo ya dansi ya kizamani ya Ireland Arusha na Moshi: anza na ubao, mengine baadae

Ukipigiwa simu ukaambiwa kuna kundi la Ireland liko kwenye ziara, wacheza dansi wawili watatu na wapiga vyombo kama wanne, wanapita Arusha afu wanamalizia Moshi, na wewe ndo umepewa kazi ya ukumbi na saundi na jukwaa, usikimbilie kuulizia bei ya kukodi spika. Ulizia kwanza wanacheza dansi ya aina gani. Ile wengi tunayoijua kwenye TV ni ya watu wamejipanga mstari mrefu, mikono imebanwa ubavuni, miguu inarushwa juu, na hiyo ilisambaa duniani baada ya Riverdance, ambayo ilianza kama burudani ya dakika saba hivi kwenye Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, pale Dublin mwaka 1994, mwaka uliofuata ikawa shoo kamili. Hiyo inataka jukwaa kubwa na taa kibao. Ya kizamani, wenyewe wanaiita sean-nós, na kwao hasa ni magharibi kule Connemara, kaunti ya Galway, ni habari nyingine kabisa: mtu mmoja, nguo za kawaida, viatu vya ngozi vyenye soli ngumu, mikono imeachiwa ijiendee, miguu haiendi mbali na sakafu, na hajakariri hatua zote toka nyumbani, anasikiliza fidla na kuijibu hapo hapo.

Kwa hiyo bango lako lisidanganye watu. Usipakue picha ya mabinti ishirini wamevaa mawigi ya mawimbi na magauni ya kung'aa ukaweka, watu watakuja wanasubiri hicho afu watoke wanalalamika. Weka picha ya miguu na ubao na mtu wa fidla, andika ukweli.

Sasa sikiliza hii vizuri maana ndo kazi yenyewe. Kwenye hii dansi mguu unapiga muziki, ni mpigaji kama wapigaji wengine, na wenzake wote wanakuja na vyombo vyao kwenye masanduku ila yeye chombo chake ni sakafu, na sakafu utaitoa wewe. Zamani kwao walikuwa wanacheza majumbani, jikoni, na sakafu ilikuwa udongo au mawe, kwa hiyo walikuwa wanang'oa mlango kwenye bawaba wanaulaza chini mtu anacheza juu yake, au anapanda juu ya meza. Hizo dansi za majumbani zilikuja kubanwa sana baada ya 1935, serikali yao ilipopitisha sheria kwamba ukitaka kuchezesha watu dansi lazima uwe na leseni, na mapadri na polisi wakaikazia kweli kweli.

Na wewe pia utahitaji kibali, tulimalize hili haraka. Wasanii wa nje wanaokuja kufanya shoo wanatakiwa kuwa na kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na Uhamiaji watataka kujua wameingia kwa kibali gani, maana viza ya kutalii sio ya kupanda jukwaani. Anza na Afisa Utamaduni wa jiji, au wa manispaa kama ni Moshi, mapema, wiki nyingi kabla, wala usisubiri wameshatua uwanja wa ndege wa KIA.

Ukumbi. Usichukue mkubwa. Ukumbi kama Simba pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, ni wa mikutano ya watu zaidi ya elfu, mtu mmoja akicheza kwenye ubao wa futi nane atamezwa. Tafuta wa watu 150 hadi 250, wa shule au wa parokia au hoteli ya kawaida, na ingia ndani upige makofi mara moja usikilize. Likirudi limwangwi refu hapo miguu itakuwa inagongana na mwangwi wake, afadhali wenye dari ya mbao na mapazia. Angalia juu pia. Kama ni bati tupu bila dari na shoo ni Machi mpaka Mei, mvua ya masika ikianza kupiga lile bati umekwisha, hata uongeze saundi vipi. Na wengi wanapenda kuweka hizi shoo karibu na tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ireland, ambayo ndo kipindi hicho hicho mvua zinaanza kunusa, kwa hiyo bustani ya wazi nayo ni kamari. Bustani nzuri ni ile yenye banda pembeni la kukimbilia, lenye sakafu ngumu, maana ubao ukilazwa kwenye majani unazama na sauti inakufa.

Haya, ubao. Waulize wenyewe kama wanao, wengine wanasafiri na wa kukunja, ila wengi wanabeba viatu tu kwa sababu karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, futi nne kwa nane, inafika kilo 30 hivi na hamna mtu anailipia mzigo wa ndege. Nenda kwa seremala, iwe Mbauda au Kijenge au popote ulipozoea, mwambie unataka hivi: plaiwudi ya milimita 18, ikatwe katikati mpate vipande viwili vya futi nne kwa nne (utaona baadae kwa nini), kila kipande kiwe na fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili chini yake, na ndani ya fremu kuwe na mbao nyingine za kukatisha kila baada ya futi moja. Ile nafasi tupu ya chini ndo inayotoa mlio. Ukilaza plaiwudi moja kwa moja kwenye sementi utapata mlio wa kiatu kinagonga sementi, na magoti ya mcheza dansi yatakulaani. Ukitumia ya milimita 9 kwa sababu ni rahisi itanesa na kupiga bumbum kama debe.

Skrubu, sio misumari. Seremala atabisha, atakwambia misumari inatosha bosi. Haitoshi, mtu akikanyaga kwa nguvu dakika arobaini msumari unaanza kujitokeza kichwa, na kiatu kinachoteleza chini chini kama hiki kitaukuta tu. Kila kichwa cha skrubu kizamishwe ndani. Hivyo vipande viwili viungwe kwa boliti mbili chini ya fremu ili visiachiane katikati. Chini ya kila kona na katikati weka vipande vya mpira wa ndani wa tairi, vile vya tyubu kuukuu, fundi baiskeli yeyote anavyo, hapo ubao hautembei na haugongi sakafu ya ukumbi. Juu usipake kitu. Narudia, usipake vanishi wala rangi wala ile nta ya sakafu, piga msasa tu, futa vumbi na kitambaa chenye unyevu kidogo basi. Fundi akitaka kuonyesha ufundi wake kwa kung'arisha mwambie ang'arishe miguu ya meza yako nyumbani.

Kuupima ni rahisi. Panda juu na viatu vya soli ngumu, gonga kisigino katikati, gonga kwenye kila kona, gonga na ncha ya kiatu. Kote usikie mlio mkavu unaofanana. Kona ikiruka au ikitoa mlio wa kutetemeka kuna skrubu imelegea au sakafu ya chini imebonyea, weka mpira mwingine hapo. Ifanye hii siku moja kabla, sio wakati mgeni rasmi ameshakaa.

Afu kuna huyu mtu anaitwa mpambaji. Mwenye ukumbi mara nyingi ana mpambaji wake wa harusi na atakuja na zulia jekundu atataka kulifunika jukwaa lote ipendeze. Kataa. Kwa upole ila kataa, zulia juu ya ubao ni sawa na kumziba mwimbaji mdomo. Mpe apambe nyuma, aweke vitambaa, aweke maua pembeni, ila sehemu ya ubao ibaki tupu. Mwambie pia watu wa nyuma wanatakiwa kuona miguu, kwa hiyo hamna maua makubwa mbele. Kama ukumbi ni tambarare na viti vyote viko usawa mmoja inabidi ubao upandishwe juu ya jukwaa la sentimita 60 na kuendelea, la sivyo kuanzia mstari wa nne watu wanaangalia mabega. Taa nazo usizitupie zote usoni, weka mbili za chini pembeni zinazomulika usawa wa magoti, hapo miguu inaonekana mpaka nyuma.

Viti vya wapiga vyombo sasa, na hapa ndo utaona mambo ambayo hata wao wanasahau kukwambia. Vile viti vyetu vya plastiki vya kila sherehe vina mikono. Mtu wa fidla kiwiko kinagonga, mtu wa akodiani hawezi kuifungua vizuri, na kama kuna mpiga uilleann ndo kabisa, maana ile ni zumari yao ya mfuko ambayo haipulizwi na mdomo, upepo unatoka kwenye mvukuto uliofungwa kiunoni anaoupampu na kiwiko. Huyo akikaa kwenye kiti chenye mikono hapigi. Kaazime viti vya mbao vya darasani au vya kulia chakula visivyo na mikono, vine au vitano vinatosha, na visiwe vinalia kwii kwii mtu akijisogeza.

Saundi. Machalii wa mitambo wa Arusha nawapenda ila ugonjwa wetu ni mmoja, besi. Hii shoo haitaki yale maspika makubwa ya besi, yaache kwenye gari. Spika mbili za kawaida juu ya stendi, na monita mbili, moja ya wapiga vyombo na moja ya mcheza dansi, maana yeye asipoisikia fidla hana cha kujibu, na wao wasipousikia ubao wanapotea. Kwenye ubao weka maiki ya kulala chini kama unayo, kama huna chukua maiki ya kawaida ya vyombo, ilaze kwenye kipande cha sponji ya godoro pembeni ya ubao, isiguse ubao, iangalie kwenye miguu, na kwenye mixa kata besi yote ya chini ya hertz 100 hivi. Unachotaka ni ile tak-tak-taka ya kisigino na ncha, sio ngurumo. Pandisha taratibu mpaka watu wa nyuma wasikie kila pigo la mguu, ukisikia mitambo inaanza kupiga mluzi shusha.

Vyombo vingine viko wepesi ukishajua sauti inatokea wapi. Akodiani na konsetina, ile kama akodiani ndogo ya mkononi, zinatoa sauti pande zote mbili, kwa hiyo maiki mbili au moja iwe mbali kidogo. Filimbi ya mbao sauti inatoka pale inapopulizwa na kwenye matundu, sio kwenye ncha kule mwisho, nimeona watu wanaweka maiki mwisho kabisa kama wanarekodi tarumbeta. Bodhrán, ile ngoma yao ya ngozi ya mbuzi inayoshikwa wima na kupigwa na kijiti, mkono mmoja unakuwa nyuma ya ngozi unabadilisha sauti, weka maiki upande wa nyuma lakini usimbane mkono. Na yule anayeimba peke yake bila chombo, mwachie maiki moja safi, usimwekee mwangwi wa kanisani. Anaimba Kiairishi, polepole, hamna mdundo, na wakati mwingine mwenzake anakaa naye anamshika mkono anauzungusha taratibu huku anaimba. Hiyo ni desturi yao, asitokee mtu wa mitambo kwenda kumuuliza kama anaumwa.

Kuhusu ngozi ya bodhrán, hali ya hewa itawasumbua. Arusha iko mita kama 1,400 na Juni Julai ni baridi na ukungu, ngozi inalegea, wakishuka Moshi kwenye joto inakaza. Ngoma zetu zikilegea tunaziotesha moto na mambo yanaisha, ila hii usimshauri mtu aipeleke kwenye jiko la mkaa, nyingi za siku hizi zina skrubu za kukazia na kulegezea na ikikaza sana wanaipangusa maji kidogo kwa nyuma. Wewe wape chumba kimoja kisicho na jua la moja kwa moja cha kuwekea vyombo, na gari lenye filimbi za mbao lisiachwe juani sokoni Kilombero eti mnaenda kununua ndizi, mbao inapasuka.

Umeme ukikatika, na utakatika, hapo ndo uzuri wa hii shoo. Jenereta liwe mbali, nyuma ya jengo kabisa, sio dirishani, afu uwe na taa za kuchaji nne tano karibu. Wambie kundi mapema kwamba umeme ukizima wasisimame, waendelee tu, hii dansi ilizaliwa jikoni bila spika yoyote. Ukumbi ukiwa wa watu mia na hamsini na ubao umetengenezwa vizuri kila mtu atasikia, na mimi kwa maoni yangu hiyo dakika tano ya giza inaweza kuwa nzuri kuliko zote.

Sasa MC. Huyu anaweza kukuharibia kila kitu na anaweza kuikoa. Mkalishe chini kabla, mwambie hamna king'ora cha DJ, hamna kuongea juu ya muziki, hamna kupiga kelele "mikono juu Arushaaa" wakati mtu anagonga taratibu. Kazi yake ni kuwafungua watu masikio kwa maneno machache. Awaambie hivi: wimbo mmoja una sehemu mbili, kila sehemu inapigwa mara mbili, sehemu ikibadilika sikiliza miguu nayo inabadilika, na wapigaji wanaunganisha nyimbo mbili tatu bila kusimama kwa hiyo usipige makofi ya kumaliza ukisikia wimbo umegeuka. Zile za kasi wanaita reel, zinahesabika nne nne, na jig ni za sita kwa nane, hizo watu wetu watazidaka fasta kwa sababu ngoma zetu nyingi zinatembea hivyo hivyo. Kupiga makofi ya kufuatisha ndo shida, sisi tukianza kupiga makofi tunaongeza spidi, wapigaji wanaanza kukimbizana na sisi, na miguu haisikiki tena. Vigelegele ruksa, na kumpigia mtu kelele za kumtia moyo ruksa, kwao pia watu wanamsifia mchezaji katikati ya dansi. Mwombe MC ahamasishe hivyo badala ya makofi.

Na kutunza. Hapa hawajui wageni kitakachowapata. Mtu akinogewa atanyanyuka na elfu kumi yake, apande jukwaani akicheza, ambandike mcheza dansi kwenye paji la uso, nyuma yake wanakuja akina mama watano na shangazi yao, wote juu ya ule ubao wa futi nne kwa nane, maiki inakanyagwa, waya unachomoka. Usikataze, watu watanuna na kutunza ni heshima. Weka kapu zuri la ukili pembeni ya jukwaa, chini, na mtu wa kulisimamia, MC atangaze kwamba kutunza ni pale. Waeleze na wageni maana yake, la sivyo mmoja ataona watu wanamjia na noti akaacha kucheza.

Kuna dansi moja ya fagio, mchezaji anacheza na fagio analipitisha chini ya miguu huku anaruka ruka juu yake, watu wanaipenda kila mahali na hapa wataipenda zaidi. Hawataleta fagio kutoka Ireland. Watakuomba saa moja kabla ya shoo, na ndo utagundua ukumbi una fagio la chelewa na lile la plastiki la mpini wa bati linalopinda. Nunua mapema la mpini wa mti, mnyoofu, mrefu mpaka kifuani, pitisha msasa lisimchome vijiti mkononi. Ni kitu cha bei ndogo sana ila bila hicho namba nzima inaanguka.

Kama una nafasi kwenye ratiba, waunganishe na kikundi cha ngoma cha hapa, na sio kwa kila mmoja kupanda na kushuka, wakae jukwaa moja. Wamasai wanaruka juu kabisa na hawa wanang'ang'ania chini, ukiwaweka kwa zamu, mmoja mmoja, kila mtu ajibu alichofanya mwenzake, ukumbi utachanganyikiwa kwa raha. Fanya mazoezi ya saa moja mchana tu, msipange sana, hao jamaa wanaishi kwa kujibu papo kwa papo na ngoma zetu ndo hivyo hivyo. Waruka juu waruke kwenye sakafu, sio kwenye ubao, skrubu zako zitashukuru.

Hotuba zote mwanzoni na ziwe fupi, baada ya hapo shoo ya saa moja na nusu na mapumziko mafupi. Usimweke mwimbaji wa polepole mara tu baada ya mapumziko, watu wanarudi na sahani za nyama choma na soda zinafunguliwa, weka reel ya kuwakalisha kwanza.

Kwenda Moshi ni kilomita 80 hivi na hapa ndo utashukuru ubao ulikatwa vipande viwili, maana karatasi nzima haiingii kwenye Noah na ukiifunga juu ya keria upepo wa pale Usa River unaisukasuka mpaka inapasuka. Kodi kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo, lazeni vipande uso kwa uso na blanketi katikati ili uso wa juu usikwaruzwe, skrubu na boliti zote kwenye kopo moja lenye mfuniko na spana yake humo humo, fagio lifungwe pembeni. Vyombo visipande kirikuu, vinakaa na wenyewe kwenye gari la watu. Hela ya kapu ihesabiwe usiku ule ule mbele ya kiongozi wa kundi na mtu wa ukumbi kabla gari halijawashwa, na fundi seremala alipwe yote iliyobaki, kwa sababu Moshi sakafu ya ukumbi itakuwa na mteremko wake na utampigia simu asubuhi kumuuliza aongeze mpira upande gani.